Taa ya nyuma ya baiskeli na chipu yenye miguu minane

Nimekuwa kimya majuma kadhaa, na wale wanaonijua wanajua sababu huwa moja kati ya mbili: ama kazi ya ofisini imenilemea, ama nimepata kitu kipya cha kuchezea. Safari hii ni ya pili. Tangu mwezi uanze sijaandika programu yoyote ya maana jioni. Meza yangu imejaa waya, betri na vitaa vyekundu, na mke wangu ameanza kuuliza kama tunaingia biashara ya kutengeneza redio.

Kwa hivyo leo hakuna Java wala hifadhidata. Leo ni taa. Nataka kuwaeleza jinsi ya kuifanya taa ndogo ya LED ipepese yenyewe, yaani iwake na kuzimika, na pia jinsi ya kuifanya iwake polepole na kufifia polepole kama kitu kinachopumua. Yote bila kuandika hata mstari mmoja wa msimbo.

Sababu ni ndugu yangu mdogo. Yeye hupeleka maziwa kwa baiskeli kule Limuru. Anatoka nyumbani saa kumi na moja kasoro robo alfajiri, mitungi miwili imefungwa nyuma, na anapita kwenye barabara ya katikati ya mashamba ya majani chai. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti ukungu wa huko ni wa kukatwa kwa panga. Baiskeli yake ina kile kioo chekundu cha kurudisha mwanga wa gari, lakini mitungi inakifunika chote. Mwezi wa Juni mwenzake wa kazi aligongwa kutoka nyuma na pikapu. Alivunjika mfupa wa bega, maziwa yakamwagika yote. Dereva alisema hakumwona, na kwa ukungu ule mimi naamini.

Mtaniuliza, kwani taa za baiskeli haziuzwi? Zinauzwa. Alikuwa nayo moja. Inatumia zile betri za kitufe, na zilipokwisha akaona bei ya betri mpya inakaribia bei ya taa yenyewe, basi taa ikalala kwenye droo. Alichoniomba ni kitu kinachotumia betri za redio, zile za kawaida zinazopatikana kwenye kila kibanda, na kisichozimaliza kila wiki. Katika kazi yangu hayo ndiyo tunayaita mahitaji ya mteja, na ni nadra kumpata mteja anayeyaeleza kwa sentensi moja hivyo!

Nilienda Luthuli Avenue Jumamosi asubuhi. Kwa wasomaji wasioijua Nairobi, huo ndio mtaa wa vifaa vya elektroniki: spika, rimoti, waya, na ndani ndani kwenye vijiduka vya ghorofani, chipu na rezista. Nikamwomba kijana wa duka chipu za 555. Hakuuliza ngapi, aliuliza, "Bosi, ni ya siren ama ya taa?" Hayo mawili ndiyo watu wengi huinunulia.

Hebu tuizungumzie chipu hii kidogo kwa sababu inastahili. Iliundwa mwaka 1971 na Hans Camenzind, mhandisi mzaliwa wa Zürich, Uswisi, aliyekuwa akifanya kazi kwa mkataba na kampuni ya Signetics huko California. Ikaingia sokoni mwaka 1972. Alichora saketi yake kwa mkono, na mchoro wa mwanzo ulihitaji miguu tisa. Baadaye akapata njia ya kupunguza mguu mmoja ili itoshe kwenye umbo la miguu minane, ambalo lilikuwa rahisi kutengeneza. Camenzind alifariki mwaka 2012. Chipu yake bado inatengenezwa na viwanda vingi, na pale Luthuli niliipata kwa chini ya shilingi hamsini. Sisi wa programu, ambao kitu cha miaka mitano tunakiita kizee, tuna cha kujifunza hapo.

Sasa, inafanyaje kazi? Fikiria tangi la maji lenye bomba linaloingiza maji polepole. Kwenye ukuta wa tangi kuna alama mbili: moja kwenye theluthi ya kimo, nyingine kwenye theluthi mbili. Kando ya tangi amekaa mlinzi. Maji yakipanda hadi alama ya juu, mlinzi anafungua tundu la chini ili yatoke. Yakishuka hadi alama ya chini, analiziba, na tangi linaanza kujaa tena. Mkononi ana bendera: tangi likijaa anaiinua, likimwagika anaishusha. Basi. Huyo ndiye 555.

Tangi ni kapasita. Bomba ni rezista: kadiri omu zinavyokuwa nyingi ndivyo bomba linavyokuwa jembamba. Mlinzi ni chipu, na bendera yake ni mguu wa 3. Alama mbili zinapimwa ndani ya chipu na rezista tatu zinazolingana, kila moja ya kiloomu 5, zinazogawanya volti za betri mafungu matatu. Watu wengi hudhani jina 555 limetoka kwenye rezista hizo tatu. Camenzind mwenyewe alisema sivyo, ni namba tu iliyochaguliwa na Art Fury, aliyekuwa mtu wa mauzo pale Signetics.

Kitu kimoja kilichonipendeza sana, na ambacho sikukitarajia kwenye kifaa cha bei hii: kwa kuwa alama ni mafungu ya volti za betri yenyewe, betri ikichoka alama nazo zinashuka pamoja nayo. Maji yanaingia kwa nguvu ndogo lakini safari nayo imekuwa fupi. Matokeo yake ni kwamba mapigo hayabadiliki. Hakuna aliyeandika msimbo wa kusahihisha, ni umbo la saketi tu.

Hesabu ni hizi. Una rezista mbili: R1 kutoka kwenye chanya ya betri hadi mguu wa 7, na R2 kutoka mguu wa 7 hadi miguu ya 2 na 6 iliyounganishwa pamoja. Kapasita C inatoka hapo kwenda hasi. Kujaa kunapitia rezista zote mbili, kumwagika kunapitia R2 peke yake. Muda wa kujaa ni 0.693 mara (R1 + R2) mara C. Muda wa kumwagika ni 0.693 mara R2 mara C. Hiyo 0.693 si namba ya kichawi. Kutoka theluthi hadi theluthi mbili, safari iliyobaki imepungua nusu, na 0.693 ndiyo logi asilia ya 2. Waliosoma hesabu ya kidato cha nne na wakajiuliza logi zitawafaa lini, jibu ni leo.

Miguu mingine ni mepesi. Wa 8 unaenda chanya, wa 1 unaenda hasi. Wa 4 ni wa kuzuia. Uunganishe na chanya ili usizuie. Wa 5 unawekewa kapasita ndogo ya mikrofaradi 0.01 kwenda hasi ili kelele za umeme zisimchanganye mlinzi. Ukiitazama chipu kwa juu, kile kikwaru cha nusu duara kikiwa upande wa juu, mguu wa 1 uko juu kushoto, na unahesabu ukishuka kushoto kisha ukipanda kulia. LED ina mguu mrefu, huo ni chanya. Kapasita za mviringo za mikrofaradi nyingi zina mstari ubavuni, huo ni upande wa hasi, na usizigeuze kwa sababu zikigeuzwa zinaweza kupasuka. Weka pia kapasita ya mikrofaradi 100 kati ya chanya na hasi karibu na chipu, kwa sababu 555 ya kawaida hunyonya umeme kwa ghafula kila bendera inapobadilika.

LED haiwekwi moja kwa moja kwenye betri. Haina breki. Nyekundu inataka volti 2 hivi, na zinazobaki ni lazima zimalizwe na rezista. Kwa betri ya volti 9 na umeme wa miliampea 15: 9 toa 2 ni 7, gawanya kwa 0.015, unapata omu 467. Dukani utapata 470. Kwa waliozoea kuandika programu, hii ndiyo ladha yake: jibu linashikika mkononi, na lina mistari ya rangi ya manjano, zambarau na kahawia.

Ubao wa vitundu, ule wa kuchomeka vifaa bila kulehemu, unatosha kwa majaribio yote haya. Jioni ya kwanza nilikuwa na taa inayopepesa ndani ya nusu saa. Hesabu ilisema sekunde moja, saa ya mkononi ikasema sekunde moja na kitu. Kapasita za aina hii zinaruhusiwa kutofautiana na maandishi yake kwa asilimia 20, kwa hiyo usitafute mchawi.

Sasa nije kwenye kufifia, kwa sababu mkweli ni mkweli, hapo ndipo niliposahau baiskeli kwa siku tatu.

Bendera ya mlinzi ina hali mbili tu, juu au chini. Lakini maji ndani ya tangi yanapanda na kushuka polepole. Ukiweza kuifanya taa ifuate maji badala ya bendera, itawaka na kufifia. Tatizo ni kwamba ukiiunganisha LED moja kwa moja kwenye kapasita, itakunywa maji yote. Unahitaji mtu wa katikati anayeonja kidogo na kutoa kingi, naye ni transista. Chukua ya aina ya NPN kama BC547. Mguu wake wa kati, ule wa besi, uuguse kwenye kapasita, yaani pale miguu ya 2 na 6 ilipo. Kolekta iende chanya. Emita iende kwenye rezista, kisha LED, kisha hasi. Emita itakuwa ikifuata volti za kapasita, ikiwa chini yake kwa volti 0.7 hivi.

Hapa fanya hesabu kabla ya kuchomeka chochote. Kwa volti 9, kapasita inacheza kati ya volti 3 na 6. Emita basi inacheza kati ya 2.3 na 5.3. LED nyekundu inayotaka volti 1.9 haitazimika kamwe, kwa sababu hata chini kabisa bado ina volti 2.3. Ukiweka rezista ya omu 220 itakuwa ikipata karibu miliampea 2 chini na 15 juu. Inafifia, lakini haifi. LED nyeupe ni hadithi nyingine. Hiyo kwa ndani ni ya bluu iliyopakwa unga unaogeuza sehemu ya mwanga kuwa manjano, na bluu inataka volti 3 hivi. Ikipewa 2.3 inazimika kabisa, na ikipewa 5.3 kupitia omu 150 inawaka miliampea 15. Saketi ileile, betri ileile, moja inapumua na nyingine inakufa na kufufuka, tofauti ni rangi tu. (Taa nyekundu ya LED ilionyeshwa na Nick Holonyak mwaka 1962 pale General Electric. Ya bluu yenye mwanga wa maana ilisubiri hadi miaka ya 1990, na waliofanikisha, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Kwa hiyo ile taa nyeupe ya simu yako ni mtoto mdogo sana.)

Jambo la pili la hesabu ni thamani za R na C. Mtu anayetaka sekunde mbili atavutiwa kuchukua R1 kiloomu 1, R2 kiloomu 33 na kapasita ndogo ya mikrofaradi 47, kwa sababu kanuni inatoa sekunde 2.2. Kanuni inasema kweli, lakini haijui kuna transista inayoonja. Maji yakikaribia volti 6, bomba la kiloomu 34 linaingiza mikroampea 88 tu. Transista inayotoa miliampea 15 inaweza kuwa inaonja mikroampea 75, hata 150, kulingana na ubora wake. Yaani tundu linavuja kiasi kilekile kinachoingia. Maji hayafiki alama ya juu, mlinzi anasubiri milele, na taa inabaki imewaka tu. Dawa ni bomba pana na tangi kubwa: R2 kiloomu 4.7 na kapasita mikrofaradi 330. Muda ni sekunde 2.4, na bomba sasa linaingiza zaidi ya mikroampea 500 hata karibu na kilele. Inavuja kidogo, haidhuru.

Nilizima taa za chumba nikaitazama. Inapendeza kuliko unavyodhani. Jicho letu halihesabu mwanga kama mita inavyouhesabu. Kutoka miliampea 1 hadi 2 tunaona badiliko kubwa karibu sawa na kutoka 8 hadi 16. Kwa hiyo kule chini ndiko mchezo wote unakoonekana, na kule juu taa inaonekana kana kwamba imetulia kidogo kabla ya kuanza kushuka. Kama mtu anayevuta pumzi na kuishikilia.

Nikaibeba hadi Limuru wikendi, pamoja na ile inayopepesa, niwaonyeshe. Kuna mzee mmoja sokoni ambaye hutengeneza redio tangu nikiwa shule ya msingi, na mimi humpelekea kila kitu ninachobuni kwa sababu hana adabu ya bure. Aliitazama ile inayopumua kwa muda mrefu. Akasema, "Hii ni nzuri, kijana. Ni ya kanisani." Ndugu yangu akacheka. Mzee akaendelea: dereva aliyetoka kuamka, kioo kina umande, anataka kupigwa kofi la macho, siyo kubembelezwa.

Nami nilikuwa nimeanza kufikiria hivyohivyo. Taa inayofifia kila mara hutumia nusu ya muda wake ikiwa hafifu, na hafifu ndani ya ukungu maana yake haipo. Kibaya zaidi, inakula betri muda wote. Pigo fupi na kali linaonekana mbali zaidi kwa umeme mdogo zaidi. Basi uamuzi ukafanyika pale kwenye benchi la mzee: barabarani kupepesa, kupumua kubaki nyumbani. (Iko kando ya kitanda cha binti yangu. Anasema taa imelala.)

Sasa tatizo jipya. Ndugu yangu anahitaji pigo fupi la mwanga na kimya kirefu. Lakini rudia zile kanuni mbili: kujaa kunapitia R1 na R2, kumwagika R2 peke yake. Bendera ikiwa juu ni ndefu kuliko ikiwa chini, siku zote. Suluhisho ni kugeuza fikra: taa iwake bendera ikiwa chini. Unaifunga LED kati ya chanya na mguu wa 3 badala ya mguu wa 3 na hasi. R1 kiloomu 100, R2 kiloomu 10, kapasita mikrofaradi 10. Bendera iko juu sekunde 0.76, iko chini sekunde 0.07. Mapigo 72 kwa dakika, karibu na moyo wa mtu aliyetulia. Sikupanga hivyo, thamani ndizo zilizokuwa mezani.

Betri nne za redio zinatoa volti 6. LED tatu nyekundu, kila moja na rezista yake ya omu 220, zinakula jumla ya miliampea 53 hivi zikiwaka. Betri nzuri za alikalini za ukubwa huo zina miliampea-saa 2,000 hivi. Zikiwaka bila kupepesa, ni chini ya saa arobaini. Kwa safari ya saa mbili kila asubuhi hazimalizi wiki tatu. Zikipepesa, zinawaka kama asilimia 8 tu ya muda, kwa hiyo wastani unashuka hadi miliampea 4.4 hivi. Nilifurahi sana hadi nilipoweka mita kwenye chipu yenyewe. 555 ya kawaida, ile ya shilingi hamsini, hunywa miliampea 3 hadi 6 kwa volti 5 bila kufanya lolote. Mlinzi anakula mshahara sawa na taa zote tatu!

Na si hilo tu. Chipu hiyo inataka angalau volti 4.5. Betri nne zikichoka kila moja ikafika volti 1.1, jumla ni 4.4, na taa inakufa huku betri bado zina uhai ndani yake.

Kuna ndugu yake wa teknolojia ya CMOS, kwa mfano TLC555, mwenye miguu ileile na kanuni zilezile. Anakula chini ya nusu ya miliampea na anafanya kazi hadi volti 2. Ubaya wake ni kwamba mkono wake ni dhaifu, hasa kwa volti ndogo, kwa hiyo LED tatu usimbebeshe. Nikamwekea transista ya PNP, BC327: emita kwenye chanya, besi kwenye mguu wa 3 kupitia kiloomu 2.2, na kolekta ikilisha LED zote tatu. Bendera ikishuka, transista inafunguka. Angalizo kwa anayetaka kujaribu hivi na 555 ya kawaida: bendera yake ikiwa juu haifiki juu kabisa, hubaki chini ya betri kwa zaidi ya volti 1, na hiyo inatosha kuiacha PNP ikiwa wazi muda wote. Kwa ya kawaida funga LED moja kwa moja. Kwa CMOS weka transista.

Jumla mpya: karibu miliampea 5 za wastani, yaani saa 400 hivi. Kwa saa mbili kwa siku ni zaidi ya miezi sita.

Najua kuna mtu tayari anataka kuniandikia kuhusu Arduino. Kaka, dada, nimekusikia. Kupepesa LED ndiyo programu ya kwanza ya kila anayeinunua, na ninayo moja kwenye droo. Ubao mzima wa Arduino Uno unakula makumi ya miliampea ukiwa umekaa tu. Ndiyo, chipu ndogo kama ATtiny ikilazwa usingizi vizuri inakula mikroampea chache, na ingeishinda hata TLC555. Hilo halina ubishi. Lakini ikiharibika, ndugu yangu atanisubiri mimi nitoke Nairobi na kipakatalishi. Hii ya sasa, mzee wa sokoni aliitazama mara moja, akachora saketi yake nyuma ya risiti, na akasema ana kila kitu kwenye kopo lake isipokuwa hiyo chipu. Nikamwachia chipu tatu.

Ujenzi wenyewe haukuwa na mengi. Nililehemu kwenye kibao chenye mashimo, nikaweka ndani ya kijikopo cha plastiki chenye mfuniko wa kuzungusha, nikaziba matundu ya LED kwa silikoni ile ya madirisha. LED hizi za kioo angavu zinatupa mwanga kwa pembe nyembamba, ukisimama kando huoni kitu. Kwa hiyo moja inatazama nyuma moja kwa moja na mbili nimezielekeza pembeni kidogo, moja kila upande, na hizo za pembeni nimezisugua kwa msasa laini ili mwanga utawanyike. Kopo limefungwa chini ya mitungi, kwenye chuma cha kubebea mizigo, mahali ambapo mtungi hauwezi kulifunika.

Tuliijaribu alfajiri ya Jumapili, ukungu ukiwepo. Yeye mbele na baiskeli, mimi nyuma kwa miguu, tukihesabu hatua. Baiskeli yenyewe na mitungi vilipotea machoni mwangu kwenye hatua ya 30. Pigo jekundu nililiona hadi hatua ya 110, hapo barabara ikapinda. Tukabadilishana ili naye aone. Aliporudi hakusema kitu kuhusu taa, aliuliza, "Kaka, unaweza kutengeneza ngapi kwa wikendi moja?"

Kumbe wako tisa wanaotumia barabara ile kila asubuhi, pamoja na yule wa bega, ambaye karibu arudi kazini. Nimemaliza nne. Sita za LED nilizochagua awali zilikuwa hafifu kuliko wenzake, nimezitenga, kwa hiyo Jumamosi narudi tena Luthuli. Kila kopo nimebandika karatasi yenye tarehe ya kuweka betri. La ndugu yangu limetimiza majuma matano. Jana alilipeleka kwa mzee likapimwa, volti 5.9.